Usaha Kwenye Barafu

Swali lilikuwa lile lile katika kila chumba tulichoingia. "Afande anakunywa pombe ngapi kwa siku?" Hawakuuliza kama anakunywa. Waliuliza kiasi. Mume wangu ni askari magereza, na alikwenda hospitali na sare yake kwa sababu hapa Mbale sare husogeza foleni. Hatukujua kwamba ingewapa na jibu kabla hawajamgusa.

Niseme wazi, maana bado nina hasira. Mume wangu hanywi. Alisilimu mwaka tuliooana, na kabla ya hapo alikuwa mlokole, kwa hiyo pombe ilimkosa pande zote mbili. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na tisa naye na sijamwona akionja hata povu la malwa, na malwa Mbale inanywewa kila penye kivuli na mirija mirefu. Yeye ni mtu wa kaskazini, mimi ni Msoga wa Budondo, upande wa Jinja. Hajui lugha yangu, mimi sijui yake, basi ndani ya nyumba tunaongea Kiswahili. Wapangaji wapya wa Namakwekwe, mtaani kwetu, wakitusikia kupitia ukutani hudhani chumba kimejaa wanajeshi, maana Uganda Kiswahili ni lugha ya jeshi, na juma la kwanza hutusalimia kwa woga.

Kazi yangu ni samaki. Nachukua ngege na sangara mwaloni Jinja, nawapanga kwenye masanduku ya barafu, nawauza Mbale. Nimeifanya kazi hiyo tangu sijaolewa. Naomba hilo likumbukwe, si kwa kujisifu.

Homa ilianza kwenye mvua kubwa. Tulikwenda kliniki iliyo karibu na nyumba yetu, kati ya duka la simu na mahali wanapoegesha boda boda. Musawo, ndivyo tunavyomwita yeyote anayeshika sindano, akamtoboa kidole, akaingia nyuma ya pazia, akarudi na habari. "Malaria iko kidogo. Tifo iko mingi." Tifo, yaani homa ya matumbo. Nimeishi Mbale miaka mingi na sijapata kumwona mtu aliyepimwa tifo akakosa tifo. Ukienda na homa unayo, ukienda na kichwa unayo, na nadhani hata ukimsindikiza mwenzako utarudi nayo. Akachomwa sindano ya mshipa siku tano. Homa ikashuka, akala, akarudi kazini. Nikampelekea musawo ngege mzima kwa shukrani, na yule bwana akampokea kana kwamba ni haki yake.

Siku ya tisa homa ikarudi. Sindano siku tano nyingine. Ikashuka, ikarudi. Mara ya tatu musawo akasema tifo ya siku hizi ni sugu, akaongeza dozi. Hakuna mara hata moja alipomlaza mtu kitandani akamshika tumbo. Kitanda kilikuwepo, lakini kilikuwa kimewekewa maboksi ya dripu.

Wakati huo mume wangu alikuwa akitokwa jasho mpaka godoro linaloa na kutoa ukungu. Mkanda wake wa kazi aliutoboa tundu mpya kwa msumari, kisha nyingine. Alikuwa hawezi kulalia ubavu wa kulia. Akivuta pumzi ndefu aliumia chini ya mbavu, na maumivu yalimpanda mpaka begani. Nikasema sasa basi, twende hospitali.

Daktari wa kwanza alitazama sare, akatazama macho yaliyoanza kupata unjano, akauliza lile swali. Nikajibu mimi. "Hanywi." Akatabasamu, lile tabasamu wanaume wanalowawekea wake za watu. "Hajati, mwanamume haambii mke yake kila kitu." Miaka kumi na tisa nafua nguo za mtu huyu! Ningejua harufu ya pombe kwenye kola yake kama ninavyojua samaki wa jana. Lakini daktari alishaandika, na kilichoandikwa na daktari hakifutwi na mwuza samaki.

Wakampeleka kwenye chumba cha picha ya tumbo. Yule wa picha akamtelezesha kile chuma cha baridi ubavuni, akasimamisha mkono, akamwita mwenzake. Wakazungumza Kiingereza juu ya tumbo la mume wangu kama watu wanaokagua gari la kununua. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno kansa halihitaji mkalimani. Kwenye karatasi waliandika kwamba ndani ya ini kuna kitu kikubwa kama embe, huenda ni jipu, huenda ni uvimbe. Mdomoni walisema kansa. Jipu lilibaki kwenye karatasi.

Kwa kutimiza wajibu wakampa vidonge vya amiba, vile vinavyoacha ladha ya chuma mdomoni, maana huku kwetu jipu la ini likitajwa, amiba ndiye mshukiwa wa kwanza na wa mwisho. Wiki mbili hazikubadilisha kitu. Basi, wakasema, tumejaribu. Daktari yule wa tabasamu akaniita pembeni ya dirisha. "Mpeleke nyumbani. Mpikie anachopenda." Nikatamani kumpiga na sandali.

Siku iliyofuata shemeji yangu akafika kutoka kaskazini. Nilidhani amekuja kumwona ndugu yake. Aliketi, akanywa soda yake mpaka chini, ndipo akasema: "Shemeji, tukubaliane mapema. Ndugu yangu tutazika nyumbani kwa baba. Si kwa makaburi ya Waislamu." Mgonjwa alikuwa amelala hatua moja kutoka tulipoketi. Kabla sijafungua mdomo kumpa shemeji maneno yake, sauti ikatoka kitandani, nyembamba lakini bado ya kiaskari: "Mimi bado iko hapa." Nikalia pale pale, mbele ya wodi nzima. Hadi leo sijajua nililia kwa huzuni au kwa ghadhabu, lakini shemeji alisimama akasema anakwenda kutafuta chaja ya simu.

Ndipo akaja daktari mama mmoja, mnene, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, ametoka likizo asubuhi hiyo hiyo. Alisoma faili lote akiwa amesimama. Halafu hakuuliza pombe. Aliuliza, "Afande, kabla ya homa ulikuwa unaumwa nini?"

Mume wangu akafikiri. "Jino."

"Fungua mdomo."

Watu sita walikuwa wamemtazama mume wangu, kliniki na hospitali, na hakuna hata mmoja aliyemwambia afungue mdomo. Gego la nyuma, chini kulia, lilikuwa limeoza mpaka mzizini. Tangu Ramadhani alikuwa akilisindilia karafuu iliyopondwa, akaendelea na kazi, kwa sababu askari kuomba ruhusa ya jino ni aibu. Na mimi nilijua. Nilikuwa ndiye mponda karafuu.

Yule mama akatueleza pale kitandani, taratibu, wote wawili, kama watu wenye akili. Kwenye jino bovu kuna wadudu wadogo wasioonekana. Mara chache sana huingia kwenye damu, wakasafiri, wakafanya makao kwenye ini na kulijaza usaha. Kansa, akasema, haitulizwi na sindano za siku tano. Jipu hutulia kidogo, kisha hurudi, kwa sababu dawa inazunguka nje ya ukuta na usaha uko ndani. "Lazima tuweke sindano ndani, tuone. Kwa nini hakuna mtu aliweka sindano?" Aliuliza kwa sauti, akigeuka kuangalia wodi. Nilimpenda mwanamke yule kwa lile swali kuliko kwa dawa zote alizotupa.

Mchana huo wakamrudisha kwenye chumba cha picha, na safari hii sindano ndefu ikaongozwa na ile picha mpaka ndani ya embe. Nilikuwa mlangoni. Usaha ukatoka. Daktari mama alisema wa amiba huwa na rangi ya matope mekundu. Huu ulikuwa wa njano ya kijivu, mzito, na harufu yake ilimtoa nje yule bwana wa picha. Mimi sikutoka. Nimezoea harufu.

Sasa ilibidi kujua ni mdudu gani, maana kila mdudu ana dawa yake, na dawa yenyewe ingechomwa kwa wiki nyingi. Maabara ya pale ilikuwa imeishiwa vile vyakula wanavyooteshea wadudu. Lakini Jinja kulikuwa na maabara ndogo ya mtu binafsi inayoweza. Daktari mama akavuta usaha kwenye bomba la sindano, akalifunika, akabandika karatasi. "Wewe ni mtu ya Jinja. Peleka leo. Usichelewe." Mume wangu akabadilishiwa dawa, akapewa ya kubahatisha mpaka jibu lirudi. Daktari hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Lakini mtu mzima mwenye kazi yake miaka mingi, atauliza nini kuhusu kubeba kitu kinachooza?

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani nikachukua sanduku langu dogo, lile la wateja wa heshima. Nikaponda barafu laini. Nikatandaza chini, nikalaza bomba lile katikati, nikalifunika juu. Joto lilikuwa kali, basi nikanyunyiza chumvi, kama tunavyofanya siku za jua ili barafu iume zaidi. Nikafunga kamba mara mbili. Jinja nikafika jioni, maabara imefungwa. Nikalala kwetu Budondo, kwa dada yangu, na baada ya sala ya alfajiri nikafungua sanduku nikaongeza barafu. Dada akauliza ni samaki gani huyu anayeamshiwa watu. Nikamwambia huyu ni shemeji yako. Nilijiona mke hodari kuliko wote wa Busoga.

Mtu wa maabara alikuwa mwembamba, wa makamo, koti lake jeupe lina kiraka kwenye kiwiko. Alifungua sanduku akafukua barafu. Akalitoa lile bomba, akaligonga mezani. Liligonga kama jiwe.

"Hajati. Hii nani aliweka kwa barafu?"

"Mimi mwenyewe," nikasema, kifua mbele. "Na alfajiri nimeongeza."

Akavuta kiti akaketi. "Hajati, vijidudu ya mdomo inakaa kwa joto ya mtu. Baridi hii inaua yeye. Mimi nataka yeye mzima, akule, azae, nione sura yake. Wewe umeniletea maiti."

Nikampandishia. Nikamwambia nani aliniambia? Nani aliandika popote kwamba usaha haubebwi kama samaki? Mmesoma nyinyi, mnajua nyinyi, halafu mnampa mke wa mtu roho ya mumewe kwenye bomba na kumwambia usichelewe! Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ni kweli," akasema. "Hawakukuambia. Na mimi sijaandika kwa mlango."

Hata hivyo alijaribu. Aliuacha usaha uyeyuke, akaupaka kwenye visahani vyenye chakula chekundu kilichotengenezwa kwa damu ya kondoo. Akavipanga ndani ya chupa kubwa ya kioo, akawasha mshumaa mfupi juu yake, akafunga kifuniko. Mshumaa ukazimika wenyewe, na akanieleza kwamba moshi na hewa inayobaki ndiyo wadudu hawa wanayoipenda. Tukangoja. Nilikuwa nashinda pale kwenye benchi, narudi Budondo kulala. Siku ya nne visahani vilikuwa vitupu kama nilivyoviona siku ya kwanza.

Kwenye karatasi ya majibu aliandika: sampuli haikufaa, tafadhali leteni nyingine. Hakuandika barafu. Nikamuuliza mbona hakuandika. Alikuwa akiosha mikono, hakugeuka. "Daktari akisoma barafu, atapigia wewe kelele mbele ya mgonjwa. Mgonjwa ataogopa. Wacha tu. Lete ingine, ya moto."

Simu ya Mbale ikalia nikiwa bado mlangoni kwake. Jipu lilikuwa limepasuka kuelekea juu. Usaha umetoboa kiwambo kilicho chini ya mapafu, umeingia kifuani, mume wangu anavuta pumzi kama mtu aliyefukuzwa. Ile dawa ya kubahatisha haikumgusa mdudu hata kidogo, na siku nne zote mdudu alikuwa kazini.

Nilipofika alikuwa na mirija miwili, mmoja kwenye ini na mmoja kwenye kifua, inamwagika kwenye chupa sakafuni. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu. Daktari mama alikuwa amekasirika mpaka miwani inatetemeka. "Maabara walifanya nini siku nne?" Nikampa karatasi. "Walisema sampuli haikufaa," nikasema. Kila neno lilikuwa la kweli, na nilijua ninachofanya. Akaguna, akasema watu wa maabara za vichochoroni ndivyo walivyo. Mume wangu alikuwa macho. Alisikia.

Usaha wa pili niliufunga kwenye kitambaa safi nikauweka tumboni kwangu, chini ya vazi langu la gomesi, juu ya ngozi. Nilishika mkono pale safari nzima, na mama mmoja aliniuliza mimba ina miezi mingapi. Yule mtu wa maabara nilikuwa nimempigia simu. Nilimkuta amesimama nje, chupa imeshaoshwa, mshumaa umeshakatwa.

Siku ya tatu akaniita ndani. Akafungua chupa, akanisogezea kisahani. "Nusa." Nikanusa. Harufu ilikuwa ya ile dawa ya maji ya kufulia nguo nyeupe, kabisa, kana kwamba kuna mtu amefua kanzu mle ndani. Alicheka kwa furaha. Kwenye chakula chekundu kulikuwa na vidoto vidogo kama vumbi la unga, na kila kimoja kilikuwa kimejichimbia kishimo. Harufu ile na vishimo vile, akasema, ndiyo kitambulisho chake. Ni mkazi wa mdomoni, asiyeota kwa haraka, na kwenye ini kwa kawaida humpati. Katika kazi yake yote alikuwa amemwona mara mbili tu. Ana jina refu la Kilatini, aliniandikia, sijaweza kulitamka.

Halafu akanionyesha kisahani kingine alichokipangia vijiduara vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Kwenye kijiduara cha dawa ya amiba, wadudu wameota mpaka ukingoni, hawana habari. Kwenye ile ya kubahatisha, vile vile. Lakini kuzunguka kimoja palikuwa peupe, uwanja uliofagiwa. Nikauliza hiyo ni dawa gani, nikitegemea kuambiwa inatoka Ulaya kwa ndege. Ilikuwa ampisilini. Ampisilini! Dawa ya tangu nikiwa mtoto, iliyo kwenye kabati la kila kituo cha afya kuanzia Budondo mpaka mlimani, inayoshika vumbi. Alikuwa anakufa karibu nayo. Karibu mwezi mzima alikuwa amelala vyumba vitatu kutoka kabati lake.

Akampigia daktari mama papo hapo. Sindano ikaanza jioni ile ile, kabla sijarudi. Siku ya pili wakaling'oa gego. Siku ya nne nilipogeuza shuka ilikuwa kavu, nikaiweka usoni nikasema alhamdulillahi mpaka jirani wa kitanda cha pili akanijibu amina, naye ni Mkatoliki. Sindano ziliendelea wiki sita. Kila wiki picha ilionyesha embe limekuwa limau, limau likawa ndimu. Shemeji alirudi kumwona, na safari hii hakuzungumzia udongo.

Lakini kifua hakikurudi chote. Pafu la kulia lilishikana chini na halifunguki vizuri. Akipanda ngazi hutoa mluzi. Magereza wamemwondoa kwenye lindo, wamemweka stoo, anahesabu mablanketi na sare za wafungwa. Ni mtu aliyekuwa akitembea ukuta mzima na bunduki, sasa anakaa kwenye kiti. Anaumia, na ana haki.

Na wageni wanakuja. Kila anayekuja kumpa pole anasimuliwa tangu mwanzo. Musawo wa tifo. Daktari wa pombe. Bwana wa picha na kansa yake. Wageni wanapiga ulimi, wanasema Uganda hii, jamani. Na mimi naunga mkono, naongeza chumvi pale alipopunguza, maana kila neno ni kweli. Kisha anafika mahali pale. "Lakini hao wote ni wajinga tu. Mbaya kabisa ni yule bwana ya maabara Jinja. Siku nne! Aliharibu usaha yangu, akaandika haikufaa. Hizo siku nne ndiyo zilikula pafu yangu." Halafu ananionyesha kwa kidevu. "Kama si huyu mama, aliyebeba ingine kwa tumbo yake, mimi nimekufa." Wageni wananitazama kwa heshima. Nami nainama namimina chai.

Nyani haoni kundule, wanasema. Uongo. Nyani analiona vizuri sana, ila anaketi juu yake.

Juma lililopita nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mezani na karatasi za mistari na kalamu ya serikali. Askari akikasirika huandika. Alikuwa amevaa shati la kazi lililopigwa pasi. Akanisomea barua yote, kwa wakubwa wa afya wa Jinja. Alieleza ugonjwa wake vizuri, tarehe kwa tarehe, kisha akaomba kwamba mtu aliyeharibu usaha wake kwa uzembe anyang'anywe kazi, na maabara yake ifungwe, ili asiue wengine. Neno wengine alilisoma mara mbili. Alimaanisha.

"Wewe kesho unaenda kuchukua samaki," akasema. "Utapitisha hii. Lakini hapa nimeacha nafasi. Mimi sijui jina ya yule bwana. Wewe unajua. Andika."

Niliitazama ile nafasi. Nilimfikiria mtu yule na kiraka chake cha kiwiko, amesimama nje akiningoja na chupa iliyooshwa. Nikamfikiria mgonjwa mwingine wa Namatala huku Mbale au wa Budondo, ambaye kesho kutwa atahitaji mtu wa kumnusia kisahani, na mlango umefungwa. Nikachukua kalamu, nikaandika.

Akavaa miwani. "Hii ni jina yako."

"Ni jina la aliyeharibu."

Nikamwambia yote. Sanduku, barafu, chumvi, alfajiri ya Budondo, lile bomba lilivyogonga meza. Nikamwambia kwa nini karatasi haikusema barafu, na daktari aliponiuliza nilijibu nini, naye akisikia. Nilikuwa nasikia mluzi wa kifua chake, unaingia, unatoka. Nilipomaliza akaikunja barua mara nne, akaiweka mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Barafu mimi naelewa," akasema. "Wewe ni mtu ya samaki. Hakuna mtu alikuambia. Hiyo nimekuachia."

Akavua miwani.

"Lakini watu wangapi wamekunywa chai kwa hii nyumba, mimi nikitukana yule bwana, na wewe unamimina?"